Maji Yanajaa Mara Mbili

Ninyi mnaoanza kushika chaki mwaka huu, mnaoingia ofisi ya walimu na simu mbili mkononi na miwani ya jua kichwani, nivumilieni kidogo. Nimefundisha jiografia hapa Bariadi mpaka magoti yakagoma. Katika miaka yote hiyo somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa moja: jinsi mwezi na jua vinavyoyapandisha na kuyashusha maji ya bahari. Sikuwa nimewahi kuiona bahari. Wanafunzi wangu nao hawakuwa wameiona, wala mwalimu aliyenifundisha mimi. Lakini mngetusikia tukifundisha, mngeapa kwamba tumezaliwa Unguja.

Msicheke sana. Nanyi mnafundisha theluji.

Ngoja niwape kwanza mbinu moja ya bure, kabla sijafika kwenye aibu yangu. Ukiwafundisha watoto wa wafugaji habari za jua na mwezi kuvuta maji, usianze na maneno magumu. Waulize: jembe moja likivutwa na jozi mbili za maksai kwenda upande mmoja, inakuwaje? Watakujibu wote kwa pamoja, hata yule anayesinzia nyuma. Basi waambie mwezi ni jozi moja na jua ni jozi nyingine. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi vinakaa kwenye mstari mmoja, nguvu zinajumlishwa, maji yanapanda sana na kushuka sana. Watu wa pwani wanaita bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, jozi moja inavuta huku na nyingine inavuta kwa ubavuni, maji yanapanda kidogo tu. Hayo wanaita maji mafu. Halafu waambie kwamba jua, pamoja na ukubwa wake wote, liko mbali mno, kwa hiyo nguvu yake juu ya maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Hapo wataona raha, maana kila mtoto wa hapa anamjua ng'ombe mkubwa asiye na kazi.

Mimi, kwa ujana wangu, sikuridhika na kuuliza. Nilileta maksai wenyewe. Niliazima jozi mbili kwa jirani, tukafunga tairi kuukuu la trekta katikati ya uwanja wa shule, na bamvua ikaenda vizuri kabisa. Tatizo lilikuja tulipofika kwenye maji mafu. Jozi ya jua ilipogeuzwa ubavuni ikakutana uso kwa uso na bustani ya mkuu wa shule. Mpaka tunawatoa, mchicha umebaki mizizi. Hadi leo nikikutana sokoni na watu wazima wenye watoto wao, wananisalimia kwa kuniuliza, "Madamu, jua bado linakula mchicha?"

Sasa aibu yenyewe.

Aliyenifundisha jiografia ni Mwalimu Lugembe, katika shule ileile ambayo baadaye nilirudi kuifundisha. Alikuwa mwembamba, msafi, mwenye mwandiko ambao ungeweza kuuchapa kitabuni. Niliporudi nikiwa mwalimu mpya, tukakaa naye ofisi moja, na siku ya kwanza kabisa akanipa sheria yake. "Minza," akaniambia, "mwanafunzi akikuuliza usilolijua, jibu. Jibu chochote. Mwalimu akisema sijui mara moja, darasa limekwisha kumponyoka." Nikaipokea kama nilivyopokea daftari lake na rula yake. Kitabu cha shule kilikuwa kimoja, kinakaa kabatini kwa mkuu wa shule, na baadhi ya kurasa zake zilishatumika kwa shughuli ninazoona haya kuziandika hapa. Kwa hiyo somo la maji kujaa na kupwa nililifundisha kutoka kwenye daftari langu mwenyewe la kidato cha tatu, nililonakili kwa Mwalimu Lugembe neno kwa neno na mchoro kwa mchoro.

Mchoro ulikuwa hivi. Kulia kuna mwezi. Kushoto kuna dunia. Na upande wa dunia unaoutazama mwezi, maji yamevimba, kama mtu aliyevimba shavu kwa jino. Dunia ya shavu moja. Nilichora dunia hiyo miaka kadhaa, kila mwaka kidato cha tatu, na kwa sauti ya kujiamini kabisa niliwaambia watoto kwamba dunia ikizunguka mara moja kwa siku, kila mahali panapita kwenye shavu mara moja, kwa hiyo maji yanajaa mara moja kwa siku. Nani angenipinga? Bahari iko mbali sana na Bariadi.

Alinipinga Kabula.

Kabula alitoka Zagayu, akaishi mjini kwa shangazi yake ili asome. Msichana mkimya, mrefu, hana makuu. Baba yake, Mzee Maduhu, alikuwa mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha, na alikuwa na tabia moja iliyojulikana kijiji kizima: akilima, anatundika redio kwenye mpini wa jembe la maksai. Ng'ombe wake walilima wakisikiliza taarifa ya habari, matangazo ya vifo na utabiri wa hali ya hewa. Kabula ndiye aliyekuwa akiwaongoza ng'ombe hao kwa mbele siku za likizo, na alisikiliza kila kitu.

Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kuchora shavu langu. Akanyoosha mkono.

"Madamu, redio ikimaliza hali ya hewa inasema maji ya bahari yatajaa saa kumi alfajiri, halafu yatajaa tena saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Mwezi unapita juu yetu mara moja. Hayo ya mara ya pili yanavutwa na nani?"

Swali lilikuwa zuri kuliko somo langu. Sheria ya Mwalimu Lugembe ikanijia, nikajibu chochote.

"Hizo ni bandari mbili tofauti," nikasema. "Moja inajaa asubuhi, nyingine jioni."

"Lakini Madamu, wanataja bandari ileile."

Darasa likacheka. Si kicheko kibaya, kilikuwa kicheko cha watoto tu, lakini mimi nilikisikia kikinivua nguo. Nikamwambia Kabula atoke nje, aende nyumbani, na asirudi bila mzazi.

Mzee Maduhu alikuja naye siku ya pili yake kwa baiskeli, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Tukasalimiana kwa heshima zote. Nikamweleza kwamba binti yake ana akili lakini anabishana na mwalimu mbele ya watu. Nilitegemea amkemee kidogo, aombe radhi, tuishie hapo. Hakukemea. Akaangalia kofia yake, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema:

"Mayu, mimi sikumleta hapa ajifunze kukosa adabu. Kama ndivyo, ninamchukua. Kuna watu wa Lalago wameleta maneno. Nilikuwa nawazungusha kwa ajili ya shule. Sasa nitawaambia waje Jumamosi ya wiki ijayo."

Watu wa Lalago walileta maneno ya ng'ombe. Yaani posa. Nilimwona Kabula akipanda nyuma ya baiskeli, daftari zake kwenye mfuko wa rambo, na hakugeuka kuniangalia. Nilirudi darasani nikafundisha mazao ya biashara. Nilijiambia kwamba mimi nimemwita mzazi tu, mengine ni mambo ya familia yao. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana, na ninyi mtakapojikuta mnajirudia jambo mara nyingi hivyo, jueni lina kasoro.

Siku nne baadaye niliingia dukani kwa Bwana Athumani kununua sabuni. Athumani ni mtu wa Kilwa, alikuja huku kijana akaoa hapahapa, na duka lake liko karibu na stendi. Redio yake ilikuwa imewashwa. Nikamwambia, nikijifanya natania tu, kwamba eti kuna mwanafunzi wangu anadai maji ya bahari yanajaa mara mbili.

Athumani aliweka chini sabuni. "Mara mbili, mwalimu. Kwani wewe unafundisha ngapi?"

"Moja."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. "Basi nusu ya samaki wetu tuliwavua kwenye maji yasiyokuwepo! Mwalimu, mimi nimekulia pale. Maji yanajaa, yanatoka, yanajaa, yanatoka, siku nzima na usiku wake. Na kesho yanachelewa kidogo kuliko leo, kama saa moja kasoro, kwa sababu mwezi wenyewe haukai pale ulipokuwa jana. Mama yangu alikuwa akienda kuokota chaza hakuwa na saa, aliangalia mwezi. Muulize yeyote wa pwani." Akafuta machozi, akaniona uso wangu, akaacha kucheka. "Kwani huyo mwanafunzi umemfanyaje?"

Nililipa sabuni nikaisahau palepale kwenye meza.

Nilipanda basi hadi shule nyingine iliyokuwa na kitabu kamili, nikaomba kukitazama. Ukurasa ulikuwepo. Mwezi kulia, dunia kushoto, na dunia ilikuwa na mashavu mawili: moja linaloutazama mwezi na jingine upande wa pili kabisa, unaoupa mwezi mgongo. Nikajiuliza, Mwalimu Lugembe, msafi vile, makini vile, aliliachaje shavu zima?

Jibu nililipata niliporudi darasani kwangu nikasimama mbele ya ubao. Ubao wetu ulikuwa wa ukutani, saruji iliyopakwa rangi nyeusi, na upande wa kushoto lipu yake ilikuwa imebomoka tangu sijazaliwa, limebaki tundu kubwa la matofali mabichi. Mwalimu Lugembe alikuwa mtu wa vipimo. Ili mwezi upate nafasi ya kukaa mbali inavyostahili, dunia aliichora kushoto kabisa, ukingoni mwa tundu. Shavu la pili lilikuwa liangukie kwenye matofali, ambako chaki haiandiki. Bila shaka mwaka wa kwanza alilieleza kwa mdomo. Mwaka wa pili pengine alisahau. Sisi tukanakili tulichokiona, na mimi nikarudi na daftari langu nikachora palepale, ukingoni, kwa heshima. Tuliufuata ubao uliobomoka kizazi baada ya kizazi, na mtu pekee aliyetilia shaka nilimfukuza.

Nililia kidogo siku hiyo, sitawaficha. Halafu nikahesabu siku. Ilikuwa Alhamisi. Watu wa Lalago walikuwa wanakuja Jumamosi.

Ijumaa baada ya vipindi nilikodi bodaboda mpaka Zagayu. Nilimkuta Mzee Maduhu amesimama karibu na lambo, anasubiri ng'ombe waje kunywa. Kabula alikuwa na ndoo, anachota upande mwingine. Aliponiona akaiweka chini.

"Mwadila, baba," nikasalimia.

"Mwadila, mayu. Umekuja mbali."

"Nimekuja kusema neno moja. Binti yako alisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea, na nilimtoa nje kwa sababu niliona aibu."

Mzee hakusema kitu. Sasa mnajua wazee wetu wakinyamaza, mwalimu ana tabia ya kujaza kimya kwa maelezo. Nikaokota kijiti nikachora mchangani: mwezi, dunia, mashavu mawili. Nikaeleza kama kitabu kilivyoeleza. Mwezi unayavuta zaidi maji yaliyo karibu nao, unaivuta dunia yenyewe kiasi, na maji ya upande wa mbali unayavuta kidogo kuliko yote.

Mzee Maduhu aliinama akatazama mchoro. "Haya ya mbele nimeelewa," akasema. "Yamevutwa. Lakini haya ya nyuma yamevimba kwenda kule ambako mwezi haupo. Yanakimbia nini?"

Nikarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, jambo ambalo ninawasihi msilifanye kamwe, halisaidii. Akatikisa kichwa. Nilikuwa nashindwa, na nilijua nikishindwa pale nimekwisha.

Ndipo ng'ombe wakatokea kwenye kilima. Mzee akainua macho kuwahesabu, kama kawaida yake, akabaki ameganda hivyo.

"Kabula," akaita taratibu. "Asubuhi walipotoka zizini walikuwaje?"

"Walikuwa wamesongamana, baba."

"Na sasa?"

Sote tukatazama. Wa mbele walishanusa maji, wanakaribia kukimbia. Wa katikati wanatembea. Wa nyuma wanajikokota, wengine wanasimama kung'ata majani. Kundi lililokuwa mviringo lilikuwa limenyooka na kuwa refu.

Kabula alikuja akasimama kati yetu. "Hakuna aliyerudi nyuma," akasema. "Wote wanakuja kwenye maji. Ila ukiwa ng'ombe wa katikati, utaona wa mbele wanakuacha, na wa nyuma unawaacha. Kundi limerefuka pande zote mbili. Na maji ya nyuma hayakimbii kitu, baba. Yameachwa tu."

Miaka yote niliyofundisha baada ya hapo sikupata maelezo bora, na wala sikuyatafuta. Yachukueni, ni yenu.

Mzee Maduhu alicheka peke yake, akapiga paja. Halafu akawa na uso wa kazi tena. Nikamuuliza kuhusu wageni wa kesho.

"Nitawaambia mtoto ana shughuli na mwezi," akasema. "Lakini sikiliza, mayu. Si kwa sababu ya maji. Maji ya bahari yananihusu nini? Ni kwa sababu sijawahi kumwona mwalimu anakuja mpaka lamboni kusema amekosea. Kama shule inafundisha na hilo, akae huko. Ila ulimtoa nje mbele ya wenzake. Neno hili ukaliseme mbele ya wenzake."

Nilidhani safari ya Zagayu ndiyo iliyokuwa ngumu. Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya kidato cha tatu, Kabula amekaa dawati lake la siku zote, nikasema, "Nilikosea, na Kabula alikuwa sahihi." Nilisubiri darasa liniponyoke kama nilivyotishiwa. Badala yake mvulana mmoja nyuma akafungua daftari na kushika kalamu, wengine wakafuata. Nikachora dunia palepale ukingoni, na shavu la pili nikalichora juu ya matofali. Chaki ilikatika mara tatu. Vumbi jekundu lilinidondokea mpaka ndani ya viatu. Lakini lilionekana.

Nilikwenda pia kwa Mwalimu Lugembe, alikuwa ameshastaafu, nikamweleza kwa upole kadiri nilivyoweza. "Kumbe nilikuwa nafundisha nusu ya bahari," akasema, na akaomba nimpelekee salamu yule binti. Nilimpenda sana mzee yule, na ninampenda bado.

Kabula aliendelea mpaka chuo, na mnadhani alichagua kazi gani? Mimi nilipostaafu, aliyepewa vipindi vyangu ni yeye. Ubao sasa ni mzima, una marumaru pembeni, na bustani ya mkuu wa shule imezungushiwa waya, kwa sababu ninazozijua mimi.

Juzijuzi alinialika nikae nyuma ya darasa, nione somo letu likifundishwa. Alichora mashavu mawili, akasimulia ng'ombe wa baba yake, akawapeleka kwenye bamvua na maji mafu bila kuharibu mboga ya mtu. Nilikuwa najisikia fahari isiyo na mfano. Ndipo msichana mdogo wa dawati la pili akanyoosha mkono.

"Madamu, kama mwezi unavuta dunia nzima, basi na ardhi hii tunayoikanyaga inapanda na kushuka? Hata hapa Bariadi?"

Nikaona bega la Kabula likikaza. Ninalijua bega lile, nililibeba mimi mwenyewe. Akatazama ubao, akatazama dirisha, kisha akamtazama mtoto.

"Sijui," akasema. "Nipe mpaka Alhamisi."

Kisha akainua macho kunitafuta kule nyuma, na darasa zima likageuka kunitazama, kwa kuwa waliambiwa mimi ndiye mwalimu wa mwalimu wao. Nikasimama, magoti yakalia.

"Hata mimi sijui," nikasema.

Msichana yule akainamia daftari lake, na chini ya dunia ya mashavu mawili akaandika: Alhamisi. Nami Alhamisi niliwahi kufika kuliko wanafunzi wote, nikakaa dawati la mbele.